Macho ya Mtu Mzima na Rangi za Mazao

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika chama cha msingi kinachopokea kahawa, ubishi mkubwa wa msimu hutokea mbele ya meza ya kupangia madaraja. Mkulima ameanika kahawa yake ya maganda kwa siku nyingi, ameifunika usiku isipate umande, naye anaileta akitumaini daraja la kwanza. Mpokeaji anamenya punje chache, anazitazama kiganjani, anatamka daraja. Kijana anayeshika mizani anazitazama punje zile zile na kuona jambo jingine. Mmoja anasema zina ubuluu wa kahawa safi, mwingine anasema zimeingia unjano. Kutoka hapo maneno huwa mengi. Yupo anayenong'ona kwamba mpokeaji amepewa kitu kidogo, na yupo anayesema kijana hajui kazi. Ni nadra mtu kuuliza umri wa macho yaliyotazama, na hali hilo ndilo lingefaa kuulizwa mwanzo.

Kahawa ya arabika iliyooshwa vizuri na kukaushwa kwa uangalifu huwa, baada ya kukobolewa, na kijani chenye ubuluu kidogo au ukijivu. Ikianikwa vibaya, ikihifadhiwa penye unyevunyevu, au ikikaa ghalani kupita kiasi, ubuluu ule hufifia, punje zikaparara na hatimaye zikaelekea manjano. Soko huitambua tofauti hiyo na huilipia. Sasa, tofauti ya buluu na manjano ndiyo hasa ambayo jicho la binadamu hupungukiwa uwezo wa kuiona kadiri miaka inavyozidi, hata kama mtu ni mzima wa afya na hana ugonjwa wowote wa macho. Tofauti ya nyekundu na kijani, yaani ya tunda bivu na tunda bichi, huathirika kidogo sana. Ndiyo maana bibi mwenye miaka 70 aweza kuchuma matunda mabivu matupu kuwashinda wajukuu zake, na pengine bibi huyo huyo akiwekewa mafungu mawili ya punje mezani asione kilichowafanya wajukuu wayatenganishe.

Jambo hili lina sababu zake katika maumbile ya jicho. Mwanga huingia kwa tundu la mboni, hupita katika lenzi iliyo nyuma yake, ukafika kwenye utando wa ndani uitwao retina. Katika utando huo mna chembe za aina tatu zinazotumika kutambua rangi. Aina ya kwanza huitika zaidi kwa mwanga wa mawimbi mafupi, yaani buluu na urujuani. Ya pili kwa mawimbi ya kati, upande wa kijani. Ya tatu kwa mawimbi marefu yanayoelekea nyekundu. Ubongo hulinganisha habari kutoka aina zote tatu, na katika mlinganisho huo ndimo rangi zote hupatikana. Zile chembe za buluu ni chache mno, hazifiki moja katika kila kumi. Upande huo basi una askari wachache tangu mwanzo.

Lenzi nayo ina tabia yake. Ngozi hutupa chembe kuukuu na kuota mpya, lakini lenzi haitupi kitu. Huongeza tabaka juu ya tabaka maisha yote, mfano wa kitunguu, na protini zilizo katika kiini chake ni zile alizozaliwa nazo mtu. Kwa mtoto mchanga lenzi ni angavu kama maji ya chemchemi. Mwanga wa jua wa miaka mingi, pamoja na mabadiliko ya kikemia yanayotokea ndani yake yenyewe, huitia unjano polepole, hata kwa mzee sana hufanana na chai ya rangi. Kioo cha manjano huzuia mwanga wa buluu kupita. Kwa hiyo chembe zile chache za buluu hupata mwanga hafifu zaidi kila muongo unaopita. Zaidi ya hayo, chembe za aina zote tatu hupunguza wepesi wake kwa umri.

Kisha kuna mboni. Gizani mboni ya kijana hupanuka kufikia karibu milimita 7, ilhali ya mtu wa miaka 80 kwa kawaida haivuki 5 au hupungua hapo. Mtaalamu wa Uingereza, Robert Weale, alikadiria mwaka 1961 kwamba retina ya mtu wa miaka 60 hupata takribani theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Theluthi moja! Katibu wa makamo anayefunga hesabu jioni kwa taa ya chemli hana mwanga ambao karani wake anao, ijapokuwa wamekaa meza moja na taa ni ile ile. Taa ya mafuta yenyewe hutoa mwanga wa manjano wenye buluu kidogo mno, kwa hiyo upungufu wa taa huongezwa juu ya upungufu wa jicho.

Mtu angetarajia kwamba mzee mwenye lenzi ya namna hiyo angeilalamikia dunia kuwa imegeuka manjano. Halalamiki, na hapo ndipo penye uzito wa habari yote. Kijana akivishwa miwani ya manjano ghafla ataona badiliko mara moja, lakini badiliko la jicho huja kwa miaka 40, na ubongo hulifidia hatua kwa hatua. Profesa John Werner wa California ameonyesha kwamba kile ambacho watu hukiita nyeupe hubaki karibu pale pale tangu ujana hadi uzee. Sophie Wuerger wa Liverpool naye, katika utafiti uliochapishwa 2013, aliwapima watu 185 wa umri wa miaka 18 hadi 75, akakuta kwamba rangi wanazozichagua kuwa nyekundu kamili, manjano kamili au buluu kamili hazibadiliki sana kwa umri, ingawa uwezo wa kupambanua rangi zinazokaribiana katika upande wa buluu na manjano hupungua.

Yapasa matokeo hayo yaeleweke vyema, kwa sababu watu huyachanganya. Kutaja rangi ni kazi moja, na kupambanua rangi mbili zilizo jirani ni kazi nyingine. Mzee akionyeshwa anga, majani ya mgomba na ua la mnanaa, atataja rangi zake bila kukosea na kila mtu atasema macho yake ni mazima. Akiwekewa vipande viwili, kimoja cha buluu hafifu na kingine cha zambarau hafifu, aweza kuapa kuwa ni kimoja. Anaapa kwa nia njema, maana jicho lake halimpi ishara yoyote kwamba limekosa kitu. Mpokeaji kahawa anayeshikilia kwamba fungu hili na lile ni sawa, mara nyingi anasema kweli kwa jinsi anavyoona yeye, na mkulima anayemshuku rushwa anamwonea. Lakini kinyume chake ni kweli pia: mkulima aliyepunguziwa daraja ameumia vile vile, na uaminifu wa mpokeaji haumrudishii fedha.

Kuna hesabu za mwaka 2014 kutoka taasisi ya Smith-Kettlewell ya San Francisco. Watu 865 wa umri wa miaka 58 hadi 102 walipewa vidonge vya rangi wavipange kwa utaratibu, baada ya kuondolewa wale waliozaliwa na kasoro ya rangi. Kwa walio chini ya miaka 70, waliokosea hawakufika 20 katika kila 100. Walipofika katikati ya miaka ya sabini, waliokosea walikaribia nusu, na katikati ya miaka ya tisini karibu theluthi mbili. Makosa mengi yalikuwa ya kuchanganya buluu na zambarau zilizofifia, au manjano na kijani chenye unjano. Hao ni watu wa California, wala si wakulima wa Kilimanjaro au Mbinga ambao wamepigwa jua la shambani maisha yao yote, na haifai tarakimu hizo zihamishwe kama zilivyo. Mwelekeo wake, hata hivyo, unatokana na maumbile ya lenzi, na lenzi haina taifa.

Baadhi ya watu husema kwamba wazee hawatofautishi buluu na kijani kwa sababu ya lugha. Ni kweli kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi, yaani -eupe, -eusi na -ekundu, na rangi nyinginezo zimepewa majina ya vitu: kijani kwa majani, manjano kwa bizari, zambarau kwa tunda lake, kahawia kwa zao lenyewe. Zipo pia lugha nyingi za nyumbani ambamo buluu na kijani huitwa kwa neno moja. Lakini kukosa jina si kukosa kuona. Mkulima asiye na neno la ubuluu wa kahawa huuona ubuluu huo sawasawa akiwa kijana, na huutenga fungu lake.

Upungufu huu wa umri usichanganywe na ule wa kuzaliwa. Wapo watu, wengi wao wanaume, ambao tangu utotoni hawapambanui vizuri nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni karibu 8 katika kila 100, na miongoni mwa Waafrika ni wachache zaidi. Kwa wanawake ni nadra. Mtoto wa kiume huirithi hali hiyo kwa mama, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe anaona vizuri. Mtu wa namna hii hapaswi kulaumiwa kwa uvivu akichuma mabichi pamoja na mabivu.

Bwana John Dalton, mwanakemia mashuhuri wa Manchester, alikuwa mmoja wao, naye aliieleza hali yake mbele ya wasomi wa mji huo mwaka 1794. Alidhani ndani ya macho yake mna maji ya buluu yanayomeza rangi nyekundu, akaagiza kwamba akifa macho yake yapasuliwe yatazamwe. Alifariki 1844 akiwa na miaka 77, na daktari wake, Joseph Ransome, akatimiza agizo. Maji ya jicho yalikuwa angavu kabisa. Lenzi tu ilikuwa na unjano kidogo, kama ilivyotazamiwa kwa mtu wa umri ule. Mabaki ya macho yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walipima urithi uliomo wakagundua kwamba alikosa tangu kuzaliwa aina ya chembe inayoitika kwa mawimbi ya kati. Mzee Dalton alikuwa na mambo yote mawili, la kuzaliwa na la umri.

Ule mtihani wa vitabu vyenye madoadoa yanayoficha tarakimu, uliotungwa na Shinobu Ishihara wa Japani na kuchapishwa 1917, hupima upungufu wa nyekundu na kijani. Karani mwenye miaka 65 aweza kuupita bila kosa hata moja, na bado asione unjano unaoanza katika kahawa. Chama kisije kikauchukua mtihani huo kuwa hati ya kudumu ya macho.

Mazao mengine yana visa vyake. Pamba safi na pamba fifi hutofautiana kwa weupe, na doa alilosababisha kangambili mara nyingi ni la manjano hafifu, ambalo juu ya nyuzi nyeupe humpotea mtu mzima kwa urahisi. Majani ya tumbaku ya mvuke hupangwa kwa rangi ya limau na rangi ya chungwa, na kijani kidogo kilichobaki katika jani la limau huteremsha daraja. Katika kazi hizi zote macho ya watu wa miaka tofauti hayawezi kutoa hukumu moja, na hakuna kosa la mtu katika hilo.

Hatari iliyo kubwa kuliko ya daraja imo katika ghala la pembejeo. Kwa utaratibu wa kimataifa, kibandiko cha kiuatilifu huwa na ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu kwa zile kali zaidi, kisha manjano, kisha buluu, na kijani kwa zilizo na hatari ndogo. Ghala nyingi hazina dirisha la kutosha, na vibandiko huchujuka. Katika hali hiyo mtunza ghala mzee aweza kuona ukanda wa buluu na wa kijani kuwa mmoja, na wa manjano uliopauka akauona kama karatasi tupu. Hapana budi kila chupa na kila mfuko uandikwe kwa kalamu nzito, kwa herufi kubwa nyeusi, jina la dawa na neno la onyo, na mtu asitolewe dawa kwa kutajiwa rangi. Maagizo kama "chukua ile ya ukanda wa buluu" yakomeshwe kabisa.

Vivyo hivyo katika vitabu. Wino wa buluu iliyokoza na wino mweusi huonekana sawa kwa mtu wa makamo jioni, na nakala ya manjano hafifu ya stakabadhi humchanganya na ile nyeupe. Karani akitumia wino wa buluu kwa malipo ya awali na mweusi kwa malipo ya pili, anamtegea mtego mkaguzi mwenye miaka 60. Neno "nakala" na neno "asili" yakipigwa muhuri juu ya karatasi huondoa shida hiyo bila gharama. Siku ya malipo, noti ya Tanzania ya shilingi 1,000 ni ya buluu na ya 5,000 ni ya zambarau, nazo ni rangi mbili zilizo jirani kwa macho ya wazee. Wanachama wazee wahesabiwe fedha mchana, kwa sauti, na waoneshwe tarakimu na ukubwa wa noti.

Kuhusu meza ya madaraja yenyewe, uamuzi wa haraka ambao baadhi ya kamati wangeufikiria ni kuwaondoa wazee na kuweka vijana. Uamuzi huo ungekuwa hasara. Mzee aliyepokea kahawa tangu ujana hutambua kwa pua kahawa iliyochacha, kwa jino kahawa isiyokauka, kwa vidole punje iliyopigwa na kinu. Hayo kijana hujifunza kwa misimu mingi. Kinachofaa ni meza kuwa na watu wawili, mmoja wao asizidi miaka 40, na katika shauri la ubuluu na unjano peke yake kauli ya huyo kijana ndiyo iandikwe. Katika mengine yote mzee abaki na kauli yake. Wote wawili watie sahihi, na mkulima aone sahihi zote mbili. Mzee hatavunjiwa heshima akielezwa sababu mapema, kabla ya msimu. Atavunjiwa akinyang'anywa punje mkononi mbele ya wakulima.

Kazi ifanywe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini penye mwanga mwingi, pasipo jua la moja kwa moja. Turubai la buluu au la manjano lisitandikwe juu ya meza, kwa maana hutia rangi yake katika kila kitu kilicho chini. Uso wa meza uwe wa kijivu au mweusi. Miwani ya jua ivuliwe. Miwani ya kusomea husaidia kuona punje kubwa zaidi, lakini hairudishi buluu.

Kadhalika makatibu wajue pale ambapo mambo si ya umri tena. Upungufu wa kawaida huja polepole, nao huwa sawa katika macho yote mawili. Mtu akiona rangi zimefifia upande mmoja tu, au zimebadilika katika muda wa wiki chache, aende hospitali bila kungoja. Kisukari na presha ya macho huanza wakati mwingine kwa kuharibu buluu na manjano. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia ethambutoli, akiona rangi zinabadilika, amweleze mganga siku hiyo hiyo, kwani dawa hiyo yaweza kudhuru mshipa wa jicho.

Mtoto wa jicho ni jambo la kutibika. Lenzi iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya plastiki, utaratibu ulioanzishwa na Harold Ridley huko London mwaka 1949. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa, aliyeambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912, alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, kabla ya lenzi hizo kuwako, akalalamika kwamba sasa anaona buluu kila mahali. Waliopasuliwa siku hizi hustaajabia pia anga na nguo za buluu, na ubongo wao huchukua miezi kuzoea. Mpokeaji aliyetoka kupasuliwa jicho moja apewe kazi ya mizani kwanza, asirudishwe kwenye rangi hadi hali yake itulie.

Jambo la mwisho ni sampuli. Kila chama kitenge, mwanzoni mwa msimu, vikopo vitatu vya kahawa iliyokubaliwa na chama kikuu kwa kila daraja, viwekwe penye giza na ukavu, vifunguliwe mezani wakati wa ubishi tu. Vikopo vya msimu uliopita vimwagwe, kwa kuwa kahawa iliyo ndani yake itakuwa imeanza kugeuka manjano.